Kadi Shingoni mwa Mtungi

Nilikabidhiwa funguo sita, daftari la magunia,
mizani inayomwibia mkulima nusu kilo,
na mitungi minne myekundu ukutani.
Nikaambiwa: na hii ni yako, Somoe.
Kila mwisho wa mwezi, saini.
Sikuambiwa nitazame nini.

Kadi ya njano inaning'inia shingoni mwa mtungi
kama hirizi shingoni mwa mtoto:
hakuna aifunguaye, kila mtu anaiamini.
Nami nikasaini. Julai. Agosti.
Septemba nilikuwa Kitangari, kwenye arobaini ya mama mdogo,
na saini yangu ilikuwa ghalani, inafanya kazi.
Mchopa alinisaidia. Ana mkono mzuri, Mchopa,
hata mkia wa S ameupinda kama mimi.
Oktoba nikasaini tena, nimesimama,
huku nahesabu malori.

Ghala letu lipo Newala, juu huku
ambako maji hupandishwa kutoka bondeni kwa mashine,
na mashine ina siku zake.
Bomba la zimamoto tunalo.
Hupakwa rangi kila mkutano mkuu unapokaribia.
Ukilifungua linakohoa, linatema mjusi.
Mpira wake ulikatwa; kipande kimefunga lango.
Ndoo za mchanga ni tatu.
Paka wa mlinzi anazijua kuliko mimi.

Novemba, siku ya mnada,
waya wa taa ukalilamba gunia la pembeni.
Nyie mnaokula korosho kwenye kisahani
hamyajui mafuta ya ganda, yale yanayobabua vidole.
Yakishika moto, moshi wake unamenya koo.
Mchopa akavuta pini, akaminya:
mtungi wa kwanza ukashusha pumzi moja
kama mtu aliyefika kwake.
Wa pili hata pumzi hakuwa nayo.

Waliozima ni akina mama wanaochambua,
Bi Nampota, Asumini, na yule mjamzito wa Mnyambe,
kwa maji yao ya kunywa,
ndoo sita za kununua.
Walimwaga bila kuuliza ni kazi ya nani.
Jioni wakarudi nyumbani
na ndoo tupu kichwani, wamezishika kwa mkono mmoja
kana kwamba bado zingemwagika.

Ripoti ikasema:
*Moto ulidhibitiwa kwa vifaa vilivyokuwapo.*

Kikao kikakaa.
Meneja akasema jengo lina mwenyewe.
Mwenyewe, kwa simu kutoka Mtwara,
akasema yeye alipangisha kuta, mitungi ni ya chama.
Chama kikasema fundi.
Fundi akasema mkataba ulikufa mwaka juzi
na hakuna aliyemwita hata mazikoni.
Mlinzi akasema yeye hulinda wezi.
Lawama ikazunguka meza kama sinia la korosho zilizoungua:
kila mkono uliisogeza mbele.
Mimi niliitazama kadi.
Jina lilikuwa moja tu, mara nne.

Leo ni tarehe thelathini. Kesho wanakuja watu wa bima.
Meneja amenipa kalamu mpya, bado ina kifuniko.
"Saini tu, Somoe. Mwakani tutaijaza."

Nimeushusha mtungi wa tatu.
Vumbi lilikuwa limeuchorea ukutani kivuli chake,
hivyo hata ulipotoka, ulibaki.
Mshale umelala kwenye wekundu, usingizi wa zamani.
Nimeuweka juu ya mizani yetu ya uongo
na mizani, Mungu aisamehe, imeona aibu:
imesema umepungua.

Kwenye kisanduku cha Novemba sikusaini.
Nimeandika: *Mtupu. Nimeupima mwenyewe.*
Na chini, kwa herufi ndogo, maana nafasi iliisha:
*Ghala linadaiwa maji, ndoo sita.*

Kisha nimeurudisha kwenye kivuli chake,
nikaigeuza kadi
itazame mlangoni.